Redio shambani, wewe mjini: kuendesha IC-7300 kwa intaneti

Watu wengi wa mjini wanaamini masafa mafupi yamekufa. Hayajafa, yamefunikwa. Chaja za simu, taa za LED, inveta na televisheni za nyumba ishirini zinazokuzunguka zote zinapiga kelele kwenye masafa hayo hayo. Washa redio kwenye ghorofa ya Kariakoo na mita ya nguvu ya mawimbi itakaa S7 hata pasipo kituo chochote. Ipeleke redio hiyo hiyo shambani, mbali na nyaya za umeme, na mita inaweza kushuka hadi S3. Kila S moja ni desibeli 6, kwa hiyo hapo umeokoa desibeli 24, yaani kelele imepungua nguvu mara 250 hivi. Hakuna antena ya dukani itakayokupa kitu kama hicho ukiwa mjini.

Basi redio ikae shamba, nawe uiendeshe kutoka ulipo. Hapa nazungumzia redio inayopokea na kurusha, Icom IC-7300, ikiwa imeunganishwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 na rauta ya laini ya simu. Nimeichagua kwa sababu kebo moja ya USB inabeba amri na sauti kwa pamoja, na kwa sababu imeenea kiasi kwamba karibu kila programu inaijua.

Kama unataka kusikiliza tu, usinunue hii. Kijiti cha USB cha kupokelea mawimbi, RTL-SDR Blog V4, Raspberry Pi na programu ya OpenWebRX vinatosha. Ukiwa na fedha zaidi kuna kipokezi cha KiwiSDR, kinachopokea kuanzia 10 kHz hadi 30 MHz. Zote mbili unazifungua kwenye kivinjari cha kawaida, mlango wa mtandao (port) 8073. Kosa linalorudiwa sana ni kuwasha rtl_tcp, programu inayotuma mawimbi ghafi kwa mtandao, shambani na kutaka kuchakata mawimbi kwenye laptopu iliyo mjini. Fanya hesabu: sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila moja baiti 2, ni megabiti 38.4 kwa sekunde bila kupumzika. Laini ya simu haiwezi kupandisha kiasi hicho, na ikiweza, bando litaisha kabla hujapata kituo. Uchakataji ufanyike kule kule kwenye antena, kinachosafiri kiwe sauti tu. Na kijiti cha zamani, V3, kina ugonjwa wake kwenye masafa mafupi: kila kituo kinajirudia upande wa pili wa 14.4 MHz. Kituo cha 11,735 kHz, masafa ambayo Zanzibar imeyatumia kwa miaka mingi, utakikuta pia 17,065 kHz ambako hakipo. V4 ina kigeuza masafa chake ndani, haina tabia hiyo. Kabla hujatoa hata senti, jaribu kwanza kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kilichofunguliwa kwa umma mwaka 2008, uone kama utamaduni huu wa kusikiliza kwa mbali unakufaa.

Redio yenyewe

Kwenye menyu ya IC-7300 nenda SET, kisha Connectors. CI-V ni mfumo wa Icom wa kuipa redio amri. Weka CI-V USB Port iwe "Unlink from [REMOTE]", CI-V USB Baud Rate iwe 115200, na CI-V USB Echo Back uizime. Bila hizo mbili za kwanza redio haitatuma mchoro wa spektra kwenye USB, nawe utabaki unatafuta vituo kama kipofu. Anwani ya CI-V iache 94h.

DATA OFF MOD iwe USB, na DATA MOD nayo iwe USB. Ukisahau hii, redio itaingia kwenye kurusha vizuri kabisa, taa nyekundu itawaka, na hakuna atakayesikia neno, kwa kuwa inasubiri sauti kutoka kwenye kipaza sauti kilicho mezani shambani.

Sasa mpangilio mmoja ambao ni wa hatari: USB SEND, unaochagua ishara ya USB ya kuiamuru redio irushe. Uweke OFF. Wengine huweka RTS au DTR, ishara mbili za mlango wa siria, kwa kufuata maelekezo ya programu za Windows. Linux inapofungua mlango wa siria huziinua RTS na DTR zote mbili, hata kama programu haijaomba kurusha. Maana yake, Raspberry Pi ikijiwasha saa nane usiku baada ya umeme kukatika, redio inaanza kurusha yenyewe na hakuna mtu wa kuizima. Kurusha kuamriwe kwa CI-V tu.

Upande wa Pi, usitumie jina /dev/ttyUSB0. Kebo ikitikisika au mawimbi yakiingia kwenye USB, mlango huo hurudi ukiitwa ttyUSB1 na programu inabaki inagonga mlango usiokuwepo. Tumia jina refu lililomo kwenye /dev/serial/by-id/, linaloanza na usb-Silicon_Labs_CP2102 na kubeba neno IC-7300 pamoja na namba ya redio yako. Hilo halibadiliki.

Programu ninayopendekeza ya kuendesha redio ni wfview. Ina toleo lisilo na skrini, wfserver, linalokaa kwenye Pi, na toleo la kawaida kwa ajili ya laptopu yako. Kwenye wfserver chagua mlango wa siria, kasi 115200, na kifaa cha sauti kinachoitwa USB Audio CODEC. Weka jina na nywila. Mawasiliano yanapita milango ya UDP 50001, 50002 na 50003. Redio ikiwa imezimwa unaweza kuiwasha kwa amri pia, mradi volti 13.8 zimeunganishwa. Ukiandika amri hiyo mwenyewe, kumbuka kwamba kwa kasi ya 115200 Icom wanataka baiti FE irudiwe mara 150 kabla ya amri, ili redio ipate muda wa kuamka. Ukituma FE mbili za kawaida itaendelea kulala.

Laini ya simu na anwani isiyo yako

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanafungua milango kwenye rauta, wanasajili jina la bure la intaneti, na bado hakiingii kitu. Sababu ni kwamba kampuni za simu haziwapi wateja anwani za umma. Maelfu ya laini zinagawana anwani moja. Angalia ukurasa wa hali ya rauta: kama anwani ya nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, kufungua milango ni kujisumbua. Starlink ya majumbani nayo iko hivyo hivyo.

Suluhisho ni muunganisho unaoanzia shambani kwenda nje. Njia rahisi ni Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kama mtandao mmoja wa faragha: isakinishe kwenye Pi na kwenye laptopu, ingia kwa akaunti moja, na kila kifaa kinapata anwani yake ya kudumu. Kisha andika `tailscale status` uone kama muunganisho ni "direct" au "relay". Ukiwa relay, sauti yako inapitia seva ya kati, inachelewa na kukatika. Amri zitafanya kazi, lakini mazungumzo yatakera. Tiba mara nyingi ni kubadilisha kampuni ya simu upande mmoja.

Njia ya pili ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuweka WireGuard (programu ya VPN), Pi na laptopu zote zikiingia humo. Kwenye upande wa Pi andika PersistentKeepalive = 25, la sivyo kampuni ya simu itafunga njia baada ya ukimya mfupi na shamba halitafikika mpaka Pi yenyewe iamue kutuma kitu. Ukiona pingi (pakiti fupi za kupima njia) zinapita lakini picha ya skrini au spektra inaganda, shusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420 hadi 1280. Pakiti kubwa zinatupwa njiani bila taarifa.

Usiweke redio moja kwa moja kwenye intaneti ya wazi. Hasa rigctld, programu ya Hamlib ya kuiamuru redio kupitia mtandao, mlango 4532: kwa kawaida haiombi nywila. Atakayeupata mlango huo anarusha kwa jina lako.

Raspberry Pi iunganishwe kwa kebo ya mtandao kwenye rauta, si kwa Wi-Fi. Kitu kimoja kidogo cha kukatika kimepungua.

Sauti

Sauti ghafi ya biti 16 kwa sampuli 48,000 inakula kilobiti 768 kwa sekunde, karibu MB 346 kwa saa. Ni ufujaji, kwa sababu sauti ya SSB, namna ya kawaida ya kuzungumza kwenye masafa mafupi, ina upana wa kHz 2.7 tu. Chagua mfinyazo wa sauti wa uLaw, sampuli 8,000: kilobiti 64 kwa sekunde, MB 28.8 kwa saa kila upande. Vichwa vya pakiti na spektra vinaongeza, kwa hiyo ukinunua bando kadiria maradufu. Opus, mfinyazo mwingine, ni nzuri zaidi kwa laini dhaifu, na wfview inaikubali kati ya seva yake na laptopu.

Akiba ya kuchelewesha sauti ianzie milisekunde 150. Kwenye 4G ya kijijini, ambako pakiti zinafika kwa mikupuo, ipandishe hadi 300. Utapata sauti iliyonyooka, lakini kila unachofanya utakisikia kwa kuchelewa, na hilo linabadilisha namna ya kutumia redio. Usizungushe masafa kwa gurudumu la kipanya ukifuata sikio, utapita kituo kila mara. Bofya kwenye spektra au andika namba.

Kwa mazungumzo ya kawaida ucheleweshaji huo hausumbui. Kwa Morse ya mkono haifai kabisa. Nukta na vistari vinafika vimevurugika. Tuma maandishi kwa amri ya CI-V 17, redio iyageuze yenyewe kuwa Morse, hadi herufi 30 kwa mara moja. Washa kwanza BK-IN, inayoingiza redio kwenye kurusha Morse inapoanza, la sivyo utasikia mlio wa ndani tu na hakuna kinachotoka kwenye antena.

Kwa FT8, mawasiliano ya kidijitali ya ujumbe mfupi, usisafirishe sauti hata kidogo. Weka programu yake, WSJT-X, kwenye Pi kule kule shambani na uitazame kwa VNC, programu ya kuona skrini kwa mbali. Pi 4 inaimudu. Inachohitaji ni saa sahihi, kosa lisizidi sekunde 1, na Pi 4 haina saa yenye betri. Sakinisha chrony, inayorekebisha saa kupitia intaneti, na uipe dakika chache baada ya kuwaka kabla hujaanza. Zima wfserver kwanza, kwa sababu ukitumia ALSA (mfumo wa sauti wa Linux) moja kwa moja kifaa cha sauti hakigawanyiki kwa programu mbili.

Breki

Redio ya wati 100 iliyokwama kwenye kurusha inaweza kuunguza transista za mwisho, kumaliza betri na kuvuruga masafa ya watu wengine. Lazima kuwe na namna zaidi ya moja ya kuisimamisha, na zisitegemeane.

Ya kwanza imo ndani ya redio: Time-Out Timer (CI-V), iweke dakika 3. Pi ikiganda katikati ya kurusha, redio itaacha yenyewe. Wengi hawaijui kwa sababu kiwandani huja ikiwa OFF.

Ya pili ni tundu la REMOTE nyuma ya redio. Kwa kuwa tumeutenganisha mlango wa USB na REMOTE, tundu hilo ni njia nyingine kamili ya amri. Chomeka kebo ya CI-V ya USB, zile za bei nafuu, na uweke rigctld juu yake:

`rigctld -m 3073 -r /dev/serial/by-id/JINA_LA_KEBO -s 19200`

Kisha kipande cha programu kinachopiga pingi kwenye laptopu yako kila sekunde 5. Pingi mbili zikikosa jibu kinatuma `T 0` kwenye mlango 4532, na kurusha kunakoma. Kinaendelea kutuma hata usipokuwepo, haidhuru. Njia hii hii ndiyo WSJT-X itaitumia kupanga masafa, ikichagua Hamlib NET rigctl na localhost:4532. Hakikisha tu kwamba wfserver na rigctld hazitumii kebo moja.

Ya tatu ni rilei inayokata volti 12 za redio, ikiongozwa na kitu kisichopita kwenye Pi: rilei ya SMS yenye laini ya kampuni nyingine ya simu. Soketi janja ya Wi-Fi si breki. Intaneti ikikatika, nayo imekatika.

Kwa Pi yenyewe, weka RuntimeWatchdogSec=14 kwenye /etc/systemd/system.conf. Saa ya ulinzi ya chipu yake haivuki sekunde 15 hivi, kwa hiyo kaa chini ya hapo. Na rauta za 4G zina tabia ya kuonyesha taa zote za kijani huku zimekufa. Rilei ya saa ya volti 12 inayoikatia umeme kwa dakika moja kila alfajiri inatibu hilo bila ujanja wowote.

Betri na kelele unayoipeleka mwenyewe

IC-7300 ikipokea inakula ampea 1 hivi. Pi na rauta pamoja wati 10, yaani ampea 0.8. Jumla ampea 1.8, saa 24, ni Ah 43 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100, ambayo hupaswi kuivuta zaidi ya nusu, inakupa siku moja ya mawingu tu. Ya lithiamu ya LiFePO4 ya ukubwa huo inakaribia siku mbili. Ukizima redio wakati huitumii mahitaji yanashuka hadi Ah 19, na paneli ya sola ya wati 100 inatosha. Ukiiacha wazi saa zote, fikiria wati 200.

Wakati wa kurusha mkondo unafika ampea 21, na hapo unene wa waya ndio mwamuzi. Betri ikiwa mita 4 kutoka kwenye redio, mkondo unasafiri mita 8 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa 2.5 mm² unapoteza zaidi ya volti 1.1; kwa 6 mm², chini ya nusu volti. Redio inataka angalau volti 11.7. Betri ya asidi iliyotumika kidogo, ikiwa na waya mwembamba, inashuka chini ya hapo kila unapopaza sauti: redio inajizima katikati ya sentensi, nawe ukiwa mjini unadhani ni intaneti. Rusha kwa wati 30. Anayekusikiliza atapoteza desibeli 5, chini ya S moja.

Kadi ya SD haipendi umeme wa kukatika. Tumia SSD ya USB, au washa Overlay File System kwenye raspi-config ili kadi isiandikwe. Baada ya wiki andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la 0x0 ni zuri; 0x50000 linasema volti zilishuka wakati fulani, na kosa karibu kila mara ni kebo nyembamba au kigeuza volti cha bei chee.

Kigeuza volti hicho hicho ndicho kinachoweza kurudisha kelele yote uliyoikimbia mjini. Kidhibiti cha chaji ya sola cha aina ya MPPT nacho. Kipimo ni rahisi: redio ikiwa 7.1 MHz, chomoa paneli. Kelele ikishuka, umempata mhalifu. Zungusha nyaya zake mara 7 hadi 10 kwenye pete ya kunyonya kelele, feraiti ya aina ya 31, na kisogeze mbali na antena. Ikishindikana, rilei inayotenga paneli wakati unaendesha redio itamaliza mjadala. Kebo ya USB kati ya Pi na redio nayo ipewe feraiti pande zote mbili. Dalili ya kukosa feraiti ni "USB disconnect" kwenye dmesg (kumbukumbu za Linux) kila unaporusha, hasa kwenye masafa ya juu.

Antena isiwe ya kuhangaikia. Dipoli (antena ya waya) ya bendi ya mita 40 iliyokatwa kwa 7.1 MHz ina urefu wa mita 20.1 kwa jumla, nusu kila upande. Ifunge juu kadiri miti inavyoruhusu, na uweke choki (choke, kizuizi cha mkondo unaopita nje ya kebo) kwenye sehemu ya kulishia. Usitegemee tuna (kilinganishi cha antena) ya ndani ya IC-7300, kwa kawaida inafika SWR, kipimo cha antena kutolingana na redio, ya 3:1 tu, na hakuna mtu shambani wa kusogeza waya. Kwa radi ni suala jingine. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, nawe huwezi kuchomoa kebo ukiwa mbali. Weka rilei inayopeleka antena kwenye ethi kila redio inapokosa umeme, kizuia radi cha gesi mahali kebo inapoingia nyumbani, na fimbo ya ethi ya kweli ardhini, si msumari.

Leseni inafuata mahali palipo na mtambo. Aliye Muscat au Hamburg akirusha kupitia redio iliyoko Tanga, anarusha kutoka Tanzania, kwa alama ya wito inayoanza na 5H na chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Kenya ni 5Z na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda 5X na UCC. Waambie kabla kwamba kituo kinaendeshwa kwa mbali.

Kabla hujafunga mlango wa banda na kuondoka, vunja kila kitu makusudi. Kata umeme wote ghafla, urudishe, na usiguse chochote: Pi, rauta, Tailscale, wfserver na rigctld vyote vijirudie. Toa kadi ya simu kwenye rauta huku redio inarusha kwenye mzigo wa majaribio, upime inachukua sekunde ngapi kunyamaza. Chomoa kebo ya USB na kuirudisha. Zima Pi katikati ya kurusha na uhesabu dakika 3. Tuma SMS ya kukata redio ukiwa barabarani, mahali ambapo simu yako haina intaneti. Ziba matundu ya banda kwa wavu, maana nyigu wanapenda feni na panya wanapenda kebo, kisha usome joto la Pi saa nane mchana chini ya bati: ikifika nyuzi 80 itajipunguzia kasi yenyewe na sauti itaanza kukatika.